Maji ya Kupigia Picha

Sogeeni karibu, majirani, na wewe uliyeshika ndoo iweke chini kwanza. Nina jambo la kuwasimulia, na msitegemee nilisimulie polepole, maana kila nikifika katikati moyo hunienda mbio vilevile kama siku ile. Mimi ni fundi wa pampu. Visima vyote ishirini na viwili vya bonde letu nimeviinamia, navijua kina chake na mwangwi wake. Kwa hiyo asije mtu akasema nimesikia kwa watu. Nilikuwapo. Tena nilicheka, na kicheko hicho kinanisuta mpaka leo.

Tuanze na asubuhi moja nzuri uani kwa Mzee Matamu. Jina hilo tulimpa sisi kwa ajili ya kisima chake. Visima vyetu vingine vina chumvichumvi, ukinywa unakunja uso kidogo, lakini chake kilikuwa na maji matamu, maangavu, na baridi yake inaingia mpaka kwenye meno. Watu walikuja na madumu kutoka ng'ambo ya pili ya kijito. Mzee mwenyewe alikuwa akikaa juu ya gunia tupu la mbolea, anaota jua na kuwatania wachotaji.

"Kunywa kwanza ndipo uchote! Maji haya ukiyanywa asubuhi, unasahau ulichogombana na mkeo jana."

"Ndiyo maana wewe husahau kila siku," mkewe alimjibu kutoka jikoni, na uani kote tukaangua kicheko.

Bibi alikuwa jikoni kwa sababu ya mjukuu. Kichanga kilikuwa na wiki sita. Mama yake, mke wa mtoto wao wa kiume, ni mwalimu. Aliugua sana baada ya kujifungua na maziwa yakakauka, ikabidi mtoto alelewe kwa maziwa ya kopo. Bibi akajitwika kazi ya maji. Alitenga sufuria moja ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, na ndani yake alichora mikwaruzo miwili kwa msumari. Alijaza maji ya kisima kile mpaka mkwaruzo wa juu, akakoleza moto, akachemsha mpaka maji yashuke kwenye mkwaruzo wa chini. Karibu nusu yake inapotea kwa mvuke.

"Maji ya mjukuu wangu lazima yaive," alikuwa akisema, utadhani anazungumzia maharage. Sisi tulimsifu. Nani hamsifu bibi anayekesha na moto kwa ajili ya mjukuu?

Sasa nisaidieni kutazama kile ambacho sisi hatukukitazama. Upande wa juu wa kisima, hatua kama kumi hivi, kulikuwa na kibanda cha mbolea, magunia mengine yamepasuka. Kando ya kibanda kulikuwa na zizi la ng'ombe. Na shamba la kabichi lilikuwa limesogea mwaka hadi mwaka mpaka kabichi za mwisho zikawa hatua chache tu kutoka kisimani. Mimi mwenyewe nilikuwa naegemeza baiskeli kwenye magunia yale. Sikuwaza kitu.

Ndipo akaja yule dada. Alikuja na pikipiki, nyuma amefunga boksi la barafu, na ndani ya boksi mna chupa tupu. Hakutimiza saa moja bondeni, watoto wameshampa jina: Dada Chupa. Alijieleza vizuri. Alikuwa anachunguza maji ya sehemu zenye kilimo kikubwa, ya juu ya ardhi na ya chini yake. Alivua viatu akaingia kijitoni, akachota mahali kinapotokea msituni, akachota tena mahali kinapotoka mashambani kwetu. Kisha akatukusanya mbele ya ghala la ushirika.

"Kwa visima nimebakiwa na asubuhi moja tu," alisema. "Naomba mnisaidie. Kila mwenye kisima namwachia chupa. Kesho mchote maji ya kwanza, kabla ndoo hazijavuruga. Suuza chupa mara tatu kwa maji hayo hayo, jaza mpaka juu, funika. Saa mbili napita kukusanya, yanatakiwa maabara siku hiyo hiyo."

"Atakayeshinda atapewa nini?" akauliza mmoja.

"Hakuna kushinda, kaka. Tunapima tu."

Thubutu! Nani alisikia hiyo "tunapima tu"? Kabla jua halijatua bonde zima lilikuwa linabishana kama siku ya fainali. Huyu anasema kisima cha shule kitaongoza, yule anasema cha kanisani, cha msikitini nacho kina watu wake. Mama mmoja alipiga deki mfuniko wa kisima chake kwa sabuni. Jirani yangu alipaka rangi ndoo. Na Mzee Matamu alizunguka nyumba kwa nyumba mikono nyuma, anatabasamu. "Gombanieni nafasi ya pili," alituambia.

Kesho yake mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kufika kwake. Jana yake nilikuwa nimezamisha bomba jipya la pampu yake ya kumwagilia, nikarudi kukaza viungo. Mzee akashusha ndoo, akajaza chupa, akaiinua kwenye mwanga. Maji yalikuwa na ukungu kidogo, na chembe mbili tatu za udongo zinaelea. Ni bomba langu lililokuwa limetibua. Nilimwona uso ukimshuka kama mtu aliyeambiwa mwanawe kafeli.

Aliyamwaga, akaenda kwenye tangi la maji ya mvua chini ya paa. Mvua za kwanza zilikuwa zimelijaza, na kazi ya maji yale kwao ilikuwa kufulia nguo, maana kwa kunywa waliyaona hayana ladha. Akasuuza chupa mara tatu, kwa uaminifu kabisa, akaijaza hapo.

"Mzee, hilo si tangi la mvua?"

"Fundi, hivi wewe ukienda kupiga picha unavaa nguo za shambani?"

Nilicheka mpaka spana ikanidondoka.

"Kesho kisima kitatulia, kitakuwa hivi hivi," aliongeza, na akanikonyeza. "Mimi nakivalisha shati tu."

Saa mbili Dada Chupa akapita, akaiweka chupa ile kwenye barafu pamoja na nyingine, akaandika namba yake. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na spana mkononi. Nilimwambia safari njema.

Baada ya wiki tatu akarudi na majibu. Nyinyi mlikuwapo, mnakumbuka ghala lilivyofurika! Wengine walipanda madirishani. Akabandika karatasi kubwa ukutani, akaeleza kuhusu kitu kinachoitwa naitreti. Mbolea ikizidi, alisema, mmea hauimalizi, na mvua inaishusha ardhini hadi kwenye maji. Samadi nayo ni vilevile. Kijito chetu kinaingia mashambani kikiwa kizuri na kutoka kimechafuka. Visima kumi na vitatu vilikuwa vimepita kiwango kinachokubalika, ambacho ni miligramu hamsini kwa lita.

"Maji haya hayana rangi wala harufu, na ladha haikuambii kitu," alisema. "Mtu mzima anaweza kuyanywa asione neno. Lakini mtoto mchanga yanaharibu kazi ya damu yake. Anapumua, na bado anakosa hewa."

"Basi tutayachemsha," akasema mama mmoja mwenye kichanga mgongoni.

"Hapana, mama, tafadhali. Kuchemsha kunaua vidudu, na naitreti si kidudu. Ni kama chumvi kwenye mchuzi. Maji yanapungua, yenyewe inabaki. Ukizidi kuchemsha, inazidi ukali."

Majirani zangu, nilisikia kwa masikio yangu mawili. Na sufuria ya bibi, na mikwaruzo yake, vikanijia machoni. Nikamtafuta mzee. Alikuwa mbele kabisa, anapeana mikono, kwa sababu kisima chake kilikuwa cha kwanza.

"Hiki kimenishangaza," Dada Chupa alikiri. "Visima jirani vyote vimepita kiwango, lakini chenyewe ni kama maji ya mvua!"

Watu walipiga makofi. Mzee akainua mikono kama mgombea aliyeshinda. Dada Chupa akasema atarudi akichunguze mwenyewe, na mzee akalichukulia hilo kuwa sifa nyingine. Mimi nilifungua mdomo, nikaufunga. Nilijiambia nitamnong'oneza kesho. Kesho nikasema siku nyingine, si vizuri kumwaibisha mtu mzima. Na wale akina mama wawili wenye vichanga, ambao visima vyao vilikuwa vimepita kiwango, wakahamia kuchota wapi? Kwa Mzee Matamu! Akawapokea kwa mikono miwili, na juu ya kisima akapigilia ubao: KISIMA SAFI.

Mvua kubwa ikaja juma hilo. Ilikuta mbolea ya pili imeshamwagwa kwenye kabichi, na ikaendelea siku tatu.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, nilikuwa barabarani na pikapu yangu ya kubebea mabomba niliposikia bibi anapiga kelele. Niliingia uani mbio. Mama wa mtoto alikuwa amemshika mwanawe kifuani, na yule mtoto alikuwa na rangi ambayo sijaiona kwa mtu aliye hai. Midomo ilikuwa ya zambarau, kucha ni za zambarau, na uso una rangi ya majivu. Hakuwa analia. Bibi alikuwa anamzungushia blanketi la tatu. "Ni baridi, ni baridi tu," alikuwa akirudia, na jua linawaka.

"Ingieni garini!" nikasema. Tukaingia wote, hata mzee bila viatu. Njia ile ya nusu saa niliikata kwa dakika kumi na saba, na honi sikuiachia.

Hospitalini daktari alimpokea mtoto mikononi mwa mama hata kabla hatujaeleza. Wakamwekea hewa ya mtungi. Tukasubiri rangi irudi. Haikurudi. Daktari akachukua damu kidogo kwa sindano, akaiangalia, na mimi nikaiona pia. Ilikuwa ya kahawia kama kahawa.

"Mtoto anatengenezewa maziwa kwa maji gani?" akauliza haraka.

"Ya kisima," akasema mama. "Yamechemshwa."

"Mko sehemu ya mashamba?"

Hapo Mzee Matamu akajitokeza. Akatia mkono mfuko wa shati, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, kwa maana alikuwa akitembea nayo kila aendako. "Kisima kimepimwa, daktari. Maabara. Soma mwenyewe, ni cha kwanza bonde zima."

Daktari akasoma. Nilimwona akikunja uso. "Basi si maji," alisema. "Itakuwa ni moyo. Nesi, andaa gari, huyu aende hospitali ya rufaa."

Hospitali ya rufaa ni saa tano kwa gari, majirani. Na mtoto yule hakuwa na saa tano. Hata mimi nisiyejua udaktari niliona.

"Mzee, sema," nikamwambia.

Akanitazama kama mtu aliyevuliwa nguo hadharani.

"Mzee, sema, au nitasema mimi!"

"Aseme nini?" mkwewe akageuka. "Fundi, aseme nini?"

Mzee akaanza kulia kabla hajasema, machozi yanamwingia kwenye ndevu. "Karatasi hiyo ni ya maji ya tangi," alisema. "Mwanangu, nilimjazia yule dada maji ya mvua. Kisima chetu hakijapimwa."

"Rudia, baba."

"Hakijapimwa. Nilitaka kiwe cha kwanza."

Daktari hakungoja masikitiko. Aliruka, kweli aliruka! "Nesi, acha gari! Ile dawa ya bluu, kabati la dharura, rafu ya juu!" Nesi akakimbia, viatu vyake vinapiga sakafu pa, pa, pa, akarudi na kichupa kidogo chenye dawa ya bluu kama wino.

"Bluu tena?" bibi akashtuka. "Mtoto si tayari amegeuka rangi?"

"Ndiyo inayomrudisha, mama," daktari akamjibu, na huku anaisukuma dawa ndani ya mshipa, taratibu, taratibu.

Na hapo ndipo nikakumbuka vichanga wale wengine wawili! Nilitoka nje nikampigia mke wangu simu.

"Kimbia kwa Mzee Matamu ukate kamba ya kisima!"

"Umelewa saa hizi?"

"Kata, mama watoto! Kata kwanza, matusi utanitukana nikirudi. Halafu waite wale akina mama wawili, waje na watoto wao hospitali."

Nasikia aliikata kwa panga mbele ya foleni nzima, ndoo ikaporomoka kwa kishindo, na watu walitaka kumpiga. Kusimama kwake pale, amenyoosha panga na hata yeye hajui sababu, nitamheshimu kwa hilo mpaka nizeeke. Wale vichanga waliletwa mchana huo huo. Mmoja alikuwa mzima kabisa, mwingine kucha zilikuwa zimeanza kuingia kivuli. Wakawahiwa.

Nikarudi ndani. Mama alikuwa amemwekea mwanawe kidole mdomoni, anaangalia midomo tu. Dakika ishirini. Dakika thelathini. Kisha akasema polepole, "Hapa katikati. Angalieni hapa katikati." Sisi sote tukainama. Palikuwa na doa jekundu, dogo kuliko punje ya mahindi. Likatanuka! Likaenda mpaka pembeni mwa mdomo, mashavu yakafuata, na yule mtoto akakunja uso, akavuta pumzi, akalia kilio cha hasira cha mtu aliyecheleweshewa chakula. Nilipiga kelele kama goli limeingia. Nesi alitufokea tunyamaze, na yeye mwenyewe anacheka na kufuta macho.

Bibi hakucheka. Alikuwa amemuuliza daktari kuhusu kuchemsha, na daktari amemweleza. Akakaa kwenye benchi, anatazama viganja vyake.

"Kwa hiyo kila siku nilikuwa naikoleza," alisema.

"Mama, ulifanya ulivyofundishwa," daktari akamwambia. "Aliyekunyima habari si wewe."

Mzee alisikia. Alikuwa amesimama mlangoni, hakuthubutu kuingia, na miguu yake peku ilikuwa na matope.

Dada Chupa alikuja siku ya pili na boksi lake. Safari hii alishusha ndoo kwa mkono wake. "Na mimi nilikosea," alituambia mbele ya wote. "Chupa ya kupimia haiachwi. Niliharakisha kazi." Majibu yalipotoka, kisima cha Mzee Matamu kilikuwa na mia moja na themanini, na kuongoza kimeongoza kweli, kwa ubaya. Kwa sufuria ya bibi, alitupigia hesabu, kichanga kilikuwa kinanyweshwa zaidi ya mia tatu.

Tulibomoa kibanda cha mbolea sote kwa pamoja, tukakijenga upande wa chini wa kisima, sakafu ya saruji. Zizi likahama. Kabichi zikarudishwa nyuma hatua hamsini, na mbolea sasa inapimwa kwa kopo, haimwagwi kwa kukisia. Maziwa ya mtoto yakawa ya maji ya tangi, yale yale ya kufulia yasiyo na ladha, yanachemshwa kidogo tu. Ubao wa KISIMA SAFI mzee aliung'oa mwenyewe, akaugeuza, akaandika nyuma: SI MAJI YA MTOTO.

Mkwewe hakumsemesha miezi miwili. Salamu alimpa, chakula alimwekea, basi. Tusijidanganye kwamba kila kitu kiliisha siku mtoto alipolia.

Mwaka ukapita. Juzi Dada Chupa alikuja tena kupima, na nilikuwapo, ninakaza viungo vya bomba lile lile. Akashusha ndoo, akaivuta. Juu ya maji palikuwa na jani kavu na uchafu kidogo wa udongo. Mzee alikuwa amesimama karibu, mjukuu anatembeatembea ameshika suruali yake. Nikaona mkono wa mzee ukitoka wenyewe kwenda kuliondoa lile jani, ukafika nusu njia. Akaurudisha, akaufungia nyuma ya mgongo.

"Chota tu, mwanangu," alisema. "Leo kinapigwa picha na nguo zake za shambani."

Mkwewe alikuwa anaanika nguo. Alisikia, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile nilimwona akicheka na baba mkwe wake. Majibu yamekuja jana: tisini na moja. Bado ni mabaya, majirani, bado hayafai kwa mtoto! Lakini yanashuka, na ni ya kweli.

FUNZO

Ninyi wenye visima, msivivalishe shati. Maji yanapimwa tujue yanatufanya nini, hayapimwi ili tusifiwe, na anayebadilisha chupa anamdanganya daktari wa mjukuu wake mwenyewe. Maji maangavu na matamu yanaweza kuwa mabaya, na ubaya mwingine hauondoki kwa moto, unakolea. Wekeni mbolea na mifugo mbali na kisima, upande wa chini, na mtoto mchanga msimpe maji ambayo hamna hakika nayo.

Hilo ni la wenye visima. Lililobaki ni langu, na la kila aliyewahi kusimama kando na spana mkononi. Mzee Matamu alidanganya mara moja, asubuhi moja. Mimi nilijua, nikanyamaza siku ishirini na tano, nikaita kunyamaza huko heshima. Ukiona chupa inajazwa mahali pasipo pake, usicheke. Sema hapo hapo, kabla haijafunikwa.